Kagera mpaka Kampala: tulienda kuokoa watu au tulimfuata mtu?

Ukianza ubishi wa nchi moja kuingiza jeshi nchi nyingine eti kwenda kuokoa raia, utaona watu wote wanakimbilia Iraq, Kosovo, Libya, utadhani hii habari ni ya wazungu peke yao. Wakati sisi tuna kisa chetu hapahapa, na wanaosoma sheria ya kimataifa huko duniani wanakijua kuliko tunavyokijua wenyewe, maana kwenye hiyo mada mifano ya enzi za vita baridi inayotajwa kila mara ni mitatu, India kuingia Pakistan Mashariki 1971 ikazaliwa Bangladesh, Vietnam kuingia Kambodia mwishoni mwa 1978, na Tanzania kuingia Uganda 1979. Huku kwetu kilichobaki ni ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, basi.

Naweka msimamo wangu mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. Kumtoa Idi Amin, dikteta wa Uganda, ilikuwa sahihi. Ila hatukwenda kwa ajili ya Waganda, tulikwenda kwa ajili yetu, na nadhani hiyo ndo sababu ilifanikiwa. Tulikoharibu ni baada ya Kampala kuanguka, pale tulipoanza kujifanya tunajua nani anafaa kuwa rais wa watu wengine.

Tuanze nyuma kidogo. Amin alipindua 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu akagoma kabisa kumtambua Amin, akampokea Obote, akampa hifadhi Dar. Hilo watu huwa wanalipita haraka lakini lina uzito, kwa sababu Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutokea kwetu kwenda kumpindua Amin, wakachapwa vibaya, na Amin akajibu kwa kupiga mabomu miji yetu ya mpakani. Ikabidi Siad Barre wa Somalia asuluhishe, mkataba wa Mogadishu ukasainiwa Oktoba mwaka uleule, kila upande ukaahidi kuachana na mwenzake. Kwa hiyo anayesema Tanzania ilikuwa imekaa kimya inapalilia mihogo yake mpaka nduli akaja kuivamia, hasemi yote. Tulikuwa na mkono wetu humo tangu mwanzo.

Upande wa pili sasa, yaliyokuwa yanatokea Uganda hayakuwa siri. Jaji mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani kwake mwaka huohuo wa 1972 hakuonekana tena. Wahindi wakapewa siku 90 waondoke. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, serikali ikasema ni ajali ya gari, uongo ambao hata mtoto hakuukubali. Nakasero, pale Kampala, ilikuwepo ofisi ya usalama iliyoitwa State Research Bureau, ukiingia pale ndugu zako wanaanza matanga. Idadi ya waliouawa miaka ile minane inakadiriwa kuanzia laki moja mpaka laki tano, inategemea unamsoma nani, inayotajwa sana ni laki tatu.

Na Afrika ilifanya nini? Ilimpa uenyekiti. Mkutano wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1975 ulifanyika Kampala, Amin akawa mwenyekiti wa bara zima, Tanzania na wenzake wachache wakasusa kwenda. Mkataba wa OAU ulikuwa na kile kifungu cha kutoingilia mambo ya ndani ya mwanachama na marais walikishika kama msahafu, wengine kwa kuamini kweli na wengine kwa sababu na wao kwao kulikuwa na vyumba vya chini ya ardhi. Mwalimu alikuwa akilisema wazi hili, kwamba tunapiga kelele kaburu akiua watu weusi lakini akiua mweusi mwenzetu tunaita mambo ya ndani.

Haya, lakini miaka yote hiyo Tanzania haikuingia. Luwum kauawa, haikuingia. Hapa ndo nasema kama lengo lingekuwa kuokoa Waganda tulichelewa miaka minane.

Kilichobadilisha mambo ni Oktoba 1978. Jeshi la Amin lilikuwa limeshachanika vipande, kambini kuna maasi, makamu wake Mustafa Adrisi alipata ajali mwaka huohuo na watu wake hawakuamini kama ni ajali tu, na waasi wengine wakawa wanakimbilia huku. Mwisho wa Oktoba wanajeshi wake wakavuka mpaka pale Mutukula wakaingia kwetu, wakaikalia ile pembe yote ya kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka wakalilipua ili jeshi letu lisivuke. Huko walikopita waliiba kila kitu, ng'ombe kwa maelfu, mitambo, mabati, na watu waliuawa, wanawake wakabakwa, wengine wakachukuliwa mateka. Takwimu inayonukuliwa mara nyingi ni raia 1,500 waliopotea. Halafu huyohuyo akapendekeza eti yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi na Muhammad Ali awe refa. Dunia ilicheka sana hiyo, sidhani kama Kyaka kuna aliyecheka.

Sasa ki-sheria hapa hakuna ubishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kifungu cha 51 kinaruhusu nchi kujilinda ikishambuliwa. Mwalimu akahutubia taifa mwanzoni mwa Novemba, mabasi ya watu binafsi na malori yakachukuliwa kubeba askari, mgambo wakaitwa kutoka kila mkoa, jeshi likapanda kutoka kama 40,000 mpaka zaidi ya laki moja. OAU ikatuma wasuluhishi. Mwalimu akawaambia sawa, ila kwanza mlaani uvamizi, tulipwe fidia, na Amin aahidi hatarudia. Hakuna aliyethubutu hata hilo la kwanza. Katikati ya Novemba Amin akasema anaondoa jeshi, na kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 Kagera ilikuwa imerudi mikononi mwetu.

Simama hapo. Hapo ndo penye kisa chenyewe, na ndo pale nikimsikiliza mtu anayesimulia hii vita anaruka kama hakuna kitu. Ardhi yetu tumeshaipata. Adui yuko kwake. Kwa hesabu ya kifungu cha 51 kazi imekwisha au inakaribia kwisha, kila hatua mbele ya Mutukula inahitaji maelezo mengine. Je, Mwalimu alikaa chini siku moja akaamua twende Kampala tukawakomboe? Ukifuatilia mtiririko wenyewe unaona hapana, safari iliongezwa kituo baada ya kituo kama mtu anayesema nasindikiza mgeni mpaka njia panda halafu anajikuta kafika kwake.

Mutukula ya upande wa Uganda ilichukuliwa mwishoni mwa Januari kwa sababu ya kijeshi kabisa, iko juu, ukiiacha mizinga ya Amin inaendelea kukupiga ukiwa bondeni. Inaeleweka. Lakini pale askari wetu waliusawazisha mji kwa buldoza na waliua raia, wazee ambao hawakuweza kukimbia. Mwalimu alipopata habari alichukizwa sana akatoa amri raia wasiguswe. Halafu ikaja Masaka tarehe 24 Februari na Mbarara siku iliyofuata, na hii miji miwili lengo lake moja lilikuwa kulipa ya Kagera, jino kwa jino. Masaka ilipigwa mizinga na zile roketi ambazo Waganda waliziita saba saba, na baada ya kuingia majengo mengine yakalipuliwa kwa baruti. Nenda ukawaulize wazee wa Masaka habari za ukombozi, utapata jibu tofauti kidogo na la mzee wa Kampala. Nalisema hili nikiwa Mtanzania anayejivunia ile vita, maana tukiitaja Kyaka bila kuitaja Masaka tutakuwa tunadanganyana.

Mpango wa Mwalimu baada ya hapo ulikuwa tusimame, Waganda wenyewe wamalizie. Alikuwa na hoja aliyoirudia sana, kwamba kuna vita mbili, moja ya Tanzania kumfukuza mvamizi, ya pili ya Waganda kumng'oa dikteta wao, na ikitokea zimekwenda sambamba si kosa letu. Hoja tamu kwenye karatasi. Shida ilikuwa wapiganaji wa Uganda, wale wa Obote chini ya Tito Okello na Oyite Ojok, na Fronasa, kundi la kijana Museveni, ukiwajumlisha wote hawakutosha kubeba vita hiyo. Na hapo Gaddafi wa Libya akajiingiza. Alileta askari wake kwa maelfu kumsaidia Amin, wakakutana na vijana wetu Lukaya kwenye ile barabara ya kinamasi usiku wa Machi 10. Mwanzoni brigedi ya 201 ilitawanyika, wengi ni mgambo ambao hawajawahi kuona vita, brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga kwa nyuma alfajiri, Walibya wakafa wengi. Mwisho wa Machi Gaddafi akatoa saa 24 Tanzania iondoke, tukakataa, ndege yake ikaja kupiga Mwanza, ililenga bohari la mafuta ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama yakaua swala. Ndege zetu nazo zikaenda kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Baada ya Libya kuingia ile habari ya Waganda wamalizie wenyewe ilikufa. Ndipo kikaitishwa haraka kile kikao cha Moshi, Machi 24 mpaka 26, makundi ya Waganda yaliyokuwa hayapikiki chungu kimoja yakafungiwa mpaka yakatoka na jina moja, UNLF, yaani umoja wao wa kuikomboa Uganda, na mwenyekiti mmoja, Profesa Yusuf Lule. Kwa nini Lule? Hakuwa na jeshi, hakuwa na chama, Baganda walimkubali, nchi za magharibi walimkubali, na hakuna aliyemchukia kiasi cha kusema hapana. Angalia tarehe hizo vizuri. Serikali ya nchi ya watu milioni 12 hivi ilitengenezwa wiki mbili kabla ya kukabidhiwa nchi. Vita yenyewe ilikuwa na miezi mitano.

Entebbe ikaanguka Aprili 7, Kampala Aprili 10 na 11. Jambo moja pale huwa linanifurahisha. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi makusudi ili Walibya watoke, Mwalimu hakutaka kumdhalilisha Gaddafi zaidi ya pale. Watu wakajaa barabarani, wanarusha maua, wanawaita wanajeshi wetu bakombozi. Fikiria, Amin ndo aliyekitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, na kwa Mganda wa kawaida Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki anayekutoa ndani usiku, halafu wakombozi nao wanafika wanaongea Kiswahili! Jeshi likaendelea kwa miguu mpaka mpaka wa Sudan, wakafika mwanzoni mwa Juni, vita ikaisha.

Kwa hasara, askari wetu waliokufa wanatajwa 373, na waliouawa kwa risasi za adui ni chini ya mia, wengi ni ajali na magonjwa. Wengi wamelala kwenye makaburi ya Kaboya, Kagera. Fedha inasemwa dola milioni 500, kwa nchi kama yetu, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na mafuta yakapanda bei 1979 hiyohiyo. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18. Waliokuwepo watakwambia hiyo miezi 18 haikuisha, ilizaa foleni za sabuni na sukari, ugali wa unga wa njano mpaka tukauita wa Yanga, katambuga miguuni, na 1983 msako wa wahujumu uchumi. Siwezi kusema yote hayo ni vita, sera zetu zenyewe zilikuwa zinachechemea kabla. Ila hakuna nchi iliyotuletea hata hundi ya maana, wote walifurahi Amin katoka na bili wakatuachia mezani.

Na dunia ilisemaje? Hapa ndo maprofesa wanapapenda. Baraza la Usalama halikulaani. Uingereza na Marekani wakaitambua serikali mpya chap. Kwenye mkutano wa OAU Monrovia Julai 1979 ndo tulisemwa, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walisimama wakasema mmeweka mfano mbaya, leo Amin kesho nani, ukiacha nchi moja ichague rais wa jirani hakuna atakayelala salama. Azimio la kutulaani halikupita lakini. Linganisha na Vietnam. Wao waliingia Phnom Penh Januari 7 mwaka huohuo, wakawatoa Khmer Rouge, watawala wa Kambodia, ambao kwa mauaji Amin kwao ni mwanafunzi, na wakaadhibiwa miaka kumi, Umoja wa Mataifa ukaacha kiti cha Kambodia kikaliwe na walewale wauaji. Kosa la Vietnam ni lipi ambalo Tanzania haikulifanya? Walikuwa upande wa Urusi, tu. Amin hakuwa na rafiki wa maana zaidi ya Gaddafi. Kwa hiyo mtu akinifundisha kwamba kisa chetu kinaonyesha sheria ya kimataifa ilianza kukubali kuokoa raia kwa jeshi, nacheka. Kinaonyesha kuwa ukimpiga mtu asiye na wa kumlilia, majirani watasema walikuwa bafuni.

Na Tanzania yenyewe haikudai kuokoa raia. Tulidai kujilinda. Hilo jina la kibinadamu tulibandikwa baadaye na wasomi.

Hata hivyo Obasanjo na Nimeiri walikuwa na hoja, japo sijui Nimeiri alipata wapi uso wa kuisema. Tazama kilichofuata. Lule aliapa kuwa rais Aprili 13. Akadumu siku 68. Aliteua mawaziri bila kuuliza lile baraza la UNLF, baraza likamtoa Juni 20, Kampala ikalipuka, watu wanagoma wakisema bila Lule hakuna kazi, na waliotumwa kuwatuliza ni wale bakombozi wa miezi miwili nyuma. Lule mwenyewe akaletwa Dar akawekwa kama mgeni asiyeruhusiwa kuondoka. Akaja Rais Godfrey Binaisa, Mei 1980 akajaribu kumwondoa Oyite Ojok unadhimu mkuu wa jeshi, Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamtoa yeye, na hapo askari wetu kama elfu kumi wako palepale Uganda wakasimama pembeni. Sasa ukiuliza, kwa Lule tulituliza mji, kwa Binaisa tukasema ni mambo ya ndani ya Waganda, kipimo kilikuwa nini? Mganda yeyote wa wakati ule angekujibu bila kufikiri, kwamba kipimo ni Obote, rafiki wa Mwalimu anayesubiri Dar. Na kweli Obote akarudi mwezi huohuo wa Mei, na uchaguzi wa Desemba 10, 1980, Muwanga akajipa mamlaka ya kutangaza matokeo peke yake, Obote akatangazwa mshindi.

Mimi siamini kama Mwalimu alipanga yote hayo hatua kwa hatua, na kuna ushahidi kwamba alijizuia sana, Moshi hakumlazimisha Obote kwa watu, alimwambia abaki pembeni. Ila ukiwa na jeshi ndani ya nchi ya watu hakuna kukaa pembeni, ukitenda umechagua, usipotenda umechagua. Ungeniuliza tungefanyaje, ningesema ama tungeondoka Julai 1979 waparurane wenyewe, au tungebaki wazi kama wasimamizi, tujenge jeshi jipya lisilo la kabila wala la mtu, tusimamie kura sisi au Jumuiya ya Madola kuanzia daftari mpaka hesabu. Hiyo ya pili tusingeweza, hela hatukuwa nayo. Ya kwanza ingemwaga damu mapema. Tukachukua ya katikati, na damu ikamwagika vilevile, kule Luwero kaskazini ya Kampala, maelfu kwa maelfu ya watu, chini ya serikali iliyozaliwa na ushindi wetu.

Tarehe 6 Februari 1981 Museveni, yuleyule aliyesoma Chuo Kikuu Dar, aliyepigana bega kwa bega na jeshi letu la JWTZ, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa serikali tuliyoiweka sisi, alivamia chuo cha jeshi cha Kabamba na watu wachache wakiwa na bunduki 27 kutafuta silaha za kuanzia vita ya msituni. Walifika mpaka ndani. Kilichowakwamisha wasifungue ghala la silaha ni askari mmoja wa Kitanzania aliyekuwa lindoni, akajichimbia mlangoni na bunduki yake akagoma kutoka. Wakaondoka bila zile silaha walizozifuata, wakachukua magari, wakaingia porini.